Serikali iiwekee sheria akili mnemba, au iiache kwanza? Sisi wa Bagamoyo tuna la kusema

Mwana wa Kaole (mleta mada)

Wakuu, salaam aleikum na habari za muda huu.

Kijiweni kwetu hapa Magomeni ya Bagamoyo jambo hili tumelibishania mpaka muuza kahawa kaondoka na birika lake, na kila mtu kabaki na msimamo wake. Nalileta huku kwenye watu wengi. Serikali iingilie kati hizi akili mnemba (AI) kwa sheria, au iziache kwanza zikue?

Najua kuna atakayekuja kusema haya ni mambo ya Wazungu, sisi tusubiri. Kwa hiyo naanza na mihogo.

Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani waliingia kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya mji wetu, wakapiga picha majani ya mihogo kwa wiki nne. Picha 11,670. Jani lenye batobato, lenye michirizi ya kahawia, lililoshambuliwa na utitiri, na lililo zima. Zikachujwa, zilizobaki zikawekwa kila moja kwenye fungu lake, kompyuta ikafundishwa kwa hizo, na mwaka 2017 matokeo yakachapishwa: kwa picha ambazo haijawahi kuziona, ilipatia asilimia 93. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa Nuru, ile programu ya simu ya kutambua magonjwa ya mihogo. Mjomba wangu kule Kiwangwa, ukiacha mananasi yake, ana robo eka ya mihogo. Anainama, anashika jani kwa mkono wa kushoto, anaelekeza simu, anasubiri kidogo, inamwambia. Bila bando. Hapo sina ugomvi na mtu.

La pili nalo ni la hapa hapa. Chanjo ya malaria, RTS,S. Majaribio yake makubwa yalianza 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na viwili kati ya hivyo vilikuwa kwetu: Bagamoyo na Korogwe. Watoto zaidi ya 15,000 kwa jumla. Mzazi alielezwa, akaulizwa, akatia saini au dole gumba. Mtoto akipata homa, anaandikwa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza itumike kwa wingi Oktoba 2021.

Halafu geuza uso utazame huku kwingine. Mwisho wa Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliweka mtandaoni ChatGPT, akili mnemba ya kuandika na kujibu maswali, na kabla ya mwaka mpya watu wa kila pembe walishaanza kuitumia kuandika barua za kazi, kuulizia maradhi, kufanyia kazi za shule. Nani aliulizwa? Nani alitia dole gumba?

Msimamo wangu: sheria iwepo, ila iangalie matumizi na isihangaike na mashine. Nuru ikikosea, mjomba anang'oa mche mmoja wa muhogo uliokuwa mzima. Mashine inayoamua nani apewe mkopo, nani atiliwe shaka na polisi, mgonjwa yupi aonwe kwanza, ikikosea ni maisha ya mtu. Haviwezi kuwekwa kapu moja. Umoja wa Ulaya wamejaribu njia hiyo. Sheria yao ilianza kuwa na nguvu Agosti 2024 na inapanga matumizi kwa uzito wa hatari. Mengine yamepigwa marufuku kabisa tangu Februari 2025, mfano mamlaka kuwapa raia alama za tabia njema na mbaya, au mwajiri kuweka kamera ya kusoma hisia za wafanyakazi usoni. Anayevunja marufuku hizo faini inaweza kufika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya dunia nzima, kinachozidi ndicho kinachotumika. Mengine, kama kuchuja barua taka, hayaguswi.

Lakini mimi hata hayo madaraja hayanisumbui sana. Ninachotaka sheria iseme ni kimoja: mashine ikimuumiza mtu, nani anamlipa? Kanada kulikuwa na abiria aliyefiwa na bibi yake, akauliza nauli ya msiba kwenye tovuti ya Air Canada. Programu ya kujibu wateja ikamwambia kata tiketi tu, utaomba punguzo baadaye. Alipoomba, wakamwambia utaratibu huo haupo. Kesi ilipofika barazani, kampuni ikajitetea kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na kinawajibika kwa matendo yake chenyewe! Februari 2024 baraza likawaambia walipe. Kule kulikuwa na baraza la kuwaambia. Je, huku?

Naomba kuwasilisha. Matusi pelekeni kwenye uzi wa Simba na Yanga.

---

Fundi Simu Magomeni

Kaka Kaole, tunaheshimiana, lakini huo mfano wa chanjo umejifunga nao mwenyewe.

2009 mpaka 2021 ni miaka kumi na mbili. Katika miaka hiyo malaria ilikuwa inaua watu zaidi ya laki nne kila mwaka, wengi wao watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano. Hao mbona huwahesabu? Mtoto aliyeumizwa na dawa anaandikwa kwenye daftari. Aliyekufa akiisubiri dawa haandikwi popote. Ukileta utaratibu ule ule kwenye akili mnemba utakuwa unawasubirisha watu vitu ambavyo vingewasaidia leo, kisha utajipongeza kwamba hakuna aliyeumia.

Na mmesahau 2018 enyi watu? Zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu alitakiwa kulipa ada za leseni zinazofika kama milioni mbili na laki moja. Kijana anaandika habari za mtaa wake, hapati hata elfu hamsini kwa mwezi. Watu walifunga blogu zao, hata JamiiForums ilizima kwa muda mwezi Juni. Sasa niambie, sheria ya akili mnemba ikija kwa mtindo ule, nani atamudu leseni? Google atalipa kabla chai haijapoa. Atakayefunga ni huyu dogo hapa jirani yangu anayetengeneza programu ya Kiswahili ya kusomea bei za samaki.

Marekani wenyewe hawaelewani. Biden aliweka amri yake ya akili mnemba Oktoba 2023, Trump kaifuta siku ile ile aliyoapishwa, Januari 20, 2025. Gavana wa California naye 2024 alipelekewa mswada mzito wa usalama wa hizi mashine, akaukataa, na mwaka uliofuata akasaini mwingine uliolegezwa. Wenye mashine bado wanabishana, sisi tunakimbilia wapi?

---

Nesi Mstaafu

Mwanangu Fundi, hapo kwenye chanjo ngoja nikuweke sawa, maana miaka ile nilikuwa zahanati na akina mama walikuwa wanakuja kwangu kuniuliza wakubali au wakatae.

Ule muda haukupotea bure. Kwenye majaribio, watoto waliochanjwa walionekana kupata homa ya uti wa mgongo zaidi kidogo kuliko wenzao, na kukawa na wasiwasi juu ya vifo vya watoto wa kike. Hakuna aliyejua kama ni chanjo au ni bahati mbaya ya hesabu. Ndiyo maana kuanzia 2019 ikapelekwa kwanza kwenye maeneo ya Malawi, Ghana na Kenya, watoto wengi zaidi, macho yakiwa wazi. Wasiwasi ule haukuthibitika, ndipo ruhusa pana ikatoka. Wewe ungekuwa mzazi pale mbele yangu na mtoto mapajani, ungetaka nimchome kabla hilo halijajulikana? Usinijibu haraka.

Tena hizo mashine hospitali zipo tayari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta isome picha za kifua kutafuta kifua kikuu bila kumsubiri daktari wa mionzi. Likaweka mpaka: watu wa miaka 15 na kuendelea. Watoto hapana, kwa sababu ushahidi wao haukutosha. Na anayetumia anajua kwamba mtu aliyewahi kuugua TB akapona, makovu ya mapafuni yanaichanganya mashine. Mimi sheria ninayoitaka ni hiyo tu. Atakayeleta mashine aseme imepimiwa kwa watu gani, na kwa nani isitumike. Mbona sindano inakuja na karatasi ndani ya boksi?

---

Fundi Simu Magomeni

Shikamoo mama. Hospitalini nakubali, sina ubishi na wewe. Ila Kaole hakuishia hospitalini.

---

Jicho la Tatu

Nchi umeme shida mnajadili roboti 😂😂

---

Mwana wa Kaole

Jicho la Tatu, Bwawa la Nyerere limeshawashwa, amka.

---

Ngamiani Barabara ya 12

Nawasalimu kutoka Tanga. Nimesoma yote, nawashangaa mnaogopa kampuni tu. Mimi namuogopa huyo huyo mnayemuomba atunge sheria.

Tafuteni habari za Uholanzi. Mamlaka yao ya kodi ilikuwa inatoa posho ya malezi ya watoto, na kwa miaka kadhaa ikatumia mfumo wa kompyuta kuchagua nani achunguzwe kwa udanganyifu. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuongezea alama za kutiliwa shaka. Zaidi ya familia 20,000 zikaambiwa ni wezi, zirudishe hela. Wengine yuro makumi ya maelfu. Watu wakauza nyumba, ndoa zikavunjika, na ukimpigia ofisa kumuuliza kosa lako ni lipi, hajui. Mfumo umesema. Januari 2021 serikali nzima ya Rutte ikajiuzulu kwa ajili hiyo.

Hiyo ni Uholanzi, yenye mahakama na magazeti yanayobweka. Sasa ninyi chukueni mfumo kama ule mkauweke kwenye TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, au kwenye mikopo ya wanafunzi, au pale halmashauri kwenye ile mikopo ya asilimia kumi ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Mama yangu mzazi kakatwa jina. Anaenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji anamwambia nini?

Kwa hiyo swali la mleta mada linahitaji nyongeza: nani ataiwekea sheria serikali? Sheria hizi kila mahali zina mlango wa nyuma wa usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, na ya kwetu ya taarifa binafsi inao. Mlango huo ndio utakaopitisha mizigo mizito.

---

Brashi ya Mji Mkongwe

Mimi ni mchoraji, nilipita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo. Zamani mtu akiwa na tamasha au harusi ananiita nimchoree bango, siku hizi ananionyesha bango lililotoka kwenye simu, ananiambia "nirekebishie tu hizi herufi, nitakupa ya soda". Na ukiangalia vizuri, ndege wa Tingatinga wamo mle ndani, macho yale yale, madoa yale yale. Mzee Tingatinga amekufa 1972, vijana wake wameendeleza kazi, mashine imezimeza picha zao zote, hakuna aliyepokea hata mia. Wakuu mnaojua sheria, hili lipo kwa nani, COSOTA wa hakimiliki?

Nisamehe kama nimetoka nje ya mada.

---

Pwani Moja (Mombasa)

Hujatoka nje, ndugu yangu. Huku kwetu Kenya ndiko mashine ilikofundishwa adabu. Mwaka 2023 jarida la TIME lilieleza vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu, ya kunajisi watoto, ya mauaji, kutwa nzima, wakiyawekea alama ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Chini ya dola mbili kwa saa. Kazi ilikuwa ya OpenAI kupitia kampuni nyingine. Mkitunga sheria huko, wakumbukeni na hawa. Sheria ya Ulaya inamlinda mtumiaji wa Ulaya. Aliyeosha vyombo jikoni haimjui.

---

Wakili Uchwara

Naona kila mtu anadai sheria mpya kana kwamba tunaishi porini. Jamani, baadhi ya mnayoyaomba yapo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ndani yake mtu ana haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake. Someni tena taratibu. Ngamiani, mama yako akikatwa jina na kompyuta, ana pa kuanzia. Tume ya kupokea malalamiko ipo. Tatizo ni kwamba watu tunaijua tarehe ya mechi ya Azam kuliko hiyo sheria.

Wenzetu nao hawakimbilii sheria mpya kila mara. Januari 2024 wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Sauti ya kutengeneza. Tume yao ya mawasiliano ilichofanya mwezi uliofuata ni kuichukua sheria ya 1991 ya simu za kero, ikatamka kwamba maneno "sauti ya bandia" yanaihusu na hii. Basi. Na aliyepanga simu zile akatozwa faini ya dola milioni sita.

Ulaya walianza kuandika sheria yao Aprili 2021. Wakiwa katikati ikatoka ChatGPT, ikabidi warudi waongeze sura nzima ambayo hawakuifikiria. Ukiandika sheria kwa kufuata jina la teknolojia, utakuwa unaandika kila mwaka.

---

Mama Shani wa Dunda

Wakili, hilo la sauti limenigusa. Juzi jirani yangu kapokea sauti WhatsApp, mwanawe aliyeko Muscat analia, kapata ajali, atumiwe hela kwa namba ya rafiki yake. Sauti ya mtoto kabisa, hata ile "mama we" yake ya kuvuta. Bahati nzuri alikuwa kesha ongea naye asubuhi. Zamani tulizoea "ile hela tuma kwenye namba hii", mtu unacheka unafuta. Sasa wanakuja na sauti ya mwanao. Sheria ipi inamkamata huyu?

---

Wakili Uchwara

Dada, huyo ni tapeli tu, awe katumia mashine au kaiga kwa mdomo wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtosha. Kinachokosekana ni kumfikia. Mwambie jirani yako waweke neno la siri la familia, mtu akiomba hela aulizwe hilo kwanza. Sheria haitafika kabla ya pesa kuondoka.

---

Mwana wa Kaole

Nimerudi, nilikuwa kwenye msiba Mlingotini.

Wakili unasema sheria zipo. Sasa ngoja niwape kisa cha mama yangu mdogo, anakaanga samaki pale sokoni pwani. Mwanzo sikutaka kukileta, ila ameniruhusu.

Alikopa shilingi elfu themanini kwenye programu ya simu, wale tunaowaita kausha damu. Jina silitaji. Mkononi ikaingia pungufu, wamekata wanachokiita ada. Kurudisha ni baada ya siku saba na nyongeza juu. Akachelewa, bahari ilikuwa mbaya, madau hayakutoka. Asubuhi ya siku ya nane watu wote waliomo kwenye simu yake wakapokea meseji: imamu, mwalimu wa mtoto, shemeji yake, hata mteja wa hotelini anayemnunulia ngisi. "Huyu ni tapeli, ametumia namba yako kama mdhamini, mwambie alipe leo." Hakuna mdhamini hata mmoja aliyemuandika. Programu ilichota majina yote ilipoombwa ruhusa siku ya kwanza, naye akabonyeza ndiyo kwa sababu bila ndiyo haifunguki.

Akalipa. Meseji zikaendelea. Akaniletea simu, tukafungua sehemu ya huduma kwa wateja. Nikaandika: nilishalipa, mbona mnaendelea kunichafua? Likaja jibu sekunde ile ile: "Karibu! Ungependa kukopa kiasi gani leo?" Nikaandika tena, nataka kuongea na mtu. "Samahani, sijaelewa swali lako." Namba ya kupiga hakuna. Ofisi haina mtaa. Na tangu hapo akiomba mkopo kwingine anakataliwa papo hapo. Nani kaamua, kwa kigezo kipi, hakuna wa kumuuliza.

Wakili, kifungu chako nakiamini. Lakini kifungu kinahitaji mtu wa kushtakiwa, na hapa mtu hayupo. Ndiyo maana nang'ang'ana na swali langu la nani analipa. Sheria mpya ninayoitaka inaweza kuwa ya ukurasa mmoja: hakuna mashine kutoa uamuzi wa pesa, afya, kazi au uhuru wa Mtanzania mpaka awepo mtu mwenye jina na anuani nchini anayebeba lawama. Ngamiani, na ofisi za serikali humo humo, zikitangulia. Kama mtendaji wa kata hawezi kueleza kwa nini jina limekatwa, jina linarudi mpaka aeleze.

---

Fundi Simu Magomeni

Pole ya mama mdogo. Simu za namna hiyo naletewa dukani kila wiki, watu wanataka nizifute tu, wanaona aibu.

Lakini nikwambie ninachokiona mimi nikiwa na bisibisi mkononi. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Tulishangilia. Kilichotokea? Jina lingine, nembo ya rangi nyingine, mteja yule yule analetewa meseji zile zile zenye makosa yale yale ya Kiswahili. Wewe unataka mtu mwenye jina na anuani. Watampanga kijana mmoja Kariakoo, wampe laki mbili kwa mwezi awe ndiye jina na anuani.

Wakibadilisha jina mara ishirini, pesa yao inapita wapi? Kwenye pesa za simu. Hawana njia nyingine ya kumfikia mkaanga samaki. Na zile kampuni za simu zina leseni, zina majengo, zina mabango barabara nzima kutoka Bunju mpaka hapa. Waambie hao: ukipitisha marejesho ya mkopeshaji asiye na leseni, unalipa wewe. Wiki mbili tu utaona. Hiyo siyo sheria ya akili mnemba. Ni sheria ya pesa. Huhitaji hata kujua mashine inafanyaje kazi.

---

Ngamiani Barabara ya 12

Fundi umeongea. Ila njia hiyo inamkamata anayechukua hela. Serikali ikikukata jina haipitishi hela popote, ndiyo kwanza inaacha kukutumia. Hapo utabana wapi?

---

Fundi Simu Magomeni

Hapo sijui, kaka. Hapo namuachia Kaole na ukurasa wake mmoja.

---

Nesi Mstaafu

Nami niongeze. Ile mihogo ya Kaole, wenye picha walisema wazi wamepiga wapi, wiki ngapi, magonjwa yapi, na imepatia kiasi gani. Kumbe inawezekana. Tena hao walikuwa wanapima majani. Huyu anayempima mkaanga samaki kama ni mwaminifu au siyo, mwambieni naye atoe karatasi yake: kampimia nani, kakosea kwa nani. Akisema ni siri ya biashara, asipewe leseni. TMDA, wale wanaokagua dawa, wasingekubali dawa ya siri.

---

Brashi ya Mji Mkongwe

Kwa hiyo mimi na ndege zangu ndiyo basi?

---

Wakili Uchwara

Msanii, kwako ni kugumu kweli. Hakimiliki inalinda picha uliyoichora, mtindo hailindi. Ukiipata picha yako yenyewe imenakiliwa una kesi. Madoa na macho ya mtindo wa Tingatinga hayana mwenye hati. Wamarekani wenyewe bado wako mahakamani juu ya kama kufundishia mashine kwa kazi za watu ni halali. Kwa sasa sajili kazi zako COSOTA, na bango la "nirekebishie herufi" litoze bei kamili.

---

Pwani Moja (Mombasa)

Swali moja kabla sijalala. Hata mkiandika huo ukurasa mmoja, Bagamoyo na Mombasa zina nguvu gani mbele ya kampuni zile? Umoja wa Afrika ulipitisha mkakati wa bara zima wa akili mnemba Julai 2024, Kenya imetoa wake Machi 2025, karatasi nzuri zote. Mkakati hautozi faini.

---

Mwana wa Kaole

Kaka wa Mombasa, peke yetu hatuna nguvu. Tanzania ni watu milioni 61 kwa sensa ya 2022, kampuni kubwa ikitukasirikia inaweza kutuzimia na isione tofauti kwenye hesabu zake. Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ingeandika kifungu kimoja kinachofanana, hapo ingekuwa shughuli nyingine, lakini tunaijua jumuiya yetu, hata mahindi tunazuiliana mpakani. Mimi sianzii kwa OpenAI. Naanzia kwa wanaofanya biashara huku, wanaopokea shilingi, na ofisi zetu wenyewe zinazonunua mifumo. Hao hawana pa kutuzimia.

Mama mdogo amekubali tuandike malalamiko. Barua inaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nakala Benki Kuu, na swali ndani yake ni moja: nani au nini kilichoamua kwamba hakopesheki, na kwa taarifa zipi. Wakili, njoo PM unisaidie kutaja kifungu sawasawa. Fundi, simu yake iko kwako tangu jana kwa ajili ya kioo. Tafadhali usiiflashi, zile meseji ndizo ushahidi.

---

Fundi Simu Magomeni

Meseji nimeshazipiga picha zote, pamoja na lile jibu la "ungependa kukopa kiasi gani leo". Kioo elfu thelathini na tano, mwambie mama mdogo aje saa kumi.

Na bado sijakubaliana na wewe kuhusu leseni.